Kadi Iliisha, Mimi Sikukubali

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Salamu zote nazimaliza hapa juu, Mama, maana karatasi haikati kama simu. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Bibi bado anatafuna ndagaa, au meno yamekwisha kabisa? Kuku je, mbuzi je, paa la jikoni je? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, bado nalinda magari ya watu kwenye kiwanja cha duka hapa Durban, jua kichwani, mchanga machoni. Basi, tumesalimiana. Sasa nisikilize, kwa sababu nimechukizwa mpaka chakula hakipiti.

Unakumbuka ile Ijumaa niliyopiga simu mkiwa wote kwa baba mdogo baada ya swala. Siku mbili kabla yake Mwajuma alikuwa ameazima simu ya mwalimu wake akaniandikia: "Kaka, tajiri wa maboti wa Kazimia amekuja kuniposa. Ana wake wawili. Mimi sitaki, nimebakiza mwaka mmoja nipate diploma. Sema wewe." Kwa hiyo nilikuwa na neno moja tu la kusema siku ile, nalo ni hapana.

Nikanunua kadi. Hizi kadi za simu za huku, Mama, ni wizi uliotiwa rangi nzuri. Unakwangua, unabonyeza tarakimu mpaka kidole kinaota sugu, halafu mwanamke mmoja wa ndani ya mashine anakwambia kwa sauti tamu kwamba una dakika thelathini. Mwongo mkubwa! Nikipata kumi na mbili namshukuru Mungu. Na ukikata ukapiga tena, anakula dakika upya kabla hujasema hata allô. Ndiyo maana sisi wa kutoka kwetu Fizi tunaolinda magari hapa tunamfundisha kila mgeni: piga mara moja, anza na jambo zito, mbuzi wasubiri.

Na mimi mwalimu wao nilianza na nini? Nilianza na mbuzi. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia yule mwanamke wa mashine.

Baba mdogo alipokea, akafungua sauti kubwa, akaiweka simu katikati ya mkeka.

"Saidi! Mutoto yangu! Uko muzima?"

"Niko muzima, baba mudogo. Mbuzi banaendelea?"

"Mbuzi iko. Ngoja kwanza, bibi yako anataka kukusalimia."

Bibi akanisalimia, akalia kidogo, akampisha shangazi. Shangazi akampisha jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Saidi, mi niko mama ya pale kwa kisima, unanikumbuka?" Simkumbuki! Lakini nikamwitikia na kuwaulizia watoto wake wote, maana mlinilea vizuri. Na wewe Mama, kwa heshima zote, ulinisimulia kuku aliyeatamia mayai ya bata tangu siku ya kwanza mpaka yalipoanguliwa. Huku nikamsikia mwanamke wa mashine akisema dakika moja.

Nikapiga kelele: "Baba mudogo, ile mambo ya Mwajuma!"

Akanijibu polepole, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani: "Ndiyo, tunakuuliza mbele ya bantu bote. Baba yenu alishakufa, we ndiye kaka, we ndiye walii wa kumuozesha. Unakubali, ao hapana?"

Nilisema hapana. Nilisema mara tatu, Mama, mpaka mwenye gari mmoja akageuka kunitazama. Lakini kadi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nagombana na plastiki.

Sikujua kilichotokea kwenye mkeka mpaka Mwajuma aliponiandikia tena: "Kaka, kumbe na wewe umenitoa niolewe." Baba mdogo alingoja kidogo, akawatazama watu, akasema: "Ananyamaza. Mwenye kunyamaza, alishakubali." Wazee wakaitikia amina, wakapokea vitenge na mbuzi.

Kinyaa gani hiki! Kanuni ile ni ya msichana mwenye haya akiulizwa mbele ya wazee. Si ya mwanaume aliyeishiwa na kadi! Na baba mdogo anajua, alisoma chuo kimoja cha Kurani na marehemu baba. Anajua kwamba ndugu wa tumbo moja akiwa hai, kiti cha walii si chake. Alihitaji sauti yangu, akaikosa, akachukua kimya changu. Haya, kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ndio huu unaousikia.

Nilinunua kadi tatu nyingine. Ya kwanza, "Allô? Allô? Réseau iko mubaya," eti mtandao, akakata. Ya pili haikupokelewa. Ya tatu akasema, "Saidi, tuko kwa shamba," na mimi nawasikia kuku wako nyuma yake. Na simu hapo nyumbani ni moja tu, imo mfukoni mwake. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea yule mama muuza vitenge aliyekuja kumwona mwanawe huku. Nimemwapisha aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Nisalimie bibi, mwambie machozi yake niliyasikia. Nisalimie shangazi mwenye sauti ya kuvuka ziwa mpaka Ubwari. Msalimie na yule mama wa kisima, nikirudi tutajuana vizuri. Baba mdogo nitamsalimia mwenyewe.

Sasa, Mwajuma, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Hapa pandisha sauti, mpaka kwa jirani wasikie: mimi Saidi, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, sikukubali na sikubali. Vitenge virudi Kazimia. Mbuzi kama wameshamla, aliyemla atafute mwingine.

Na wewe Mama, msichana huyu aliyeshika karatasi hajaulizwa na mtu hata mmoja. Muulize wewe, sasa hivi, kabla hajaikunja. Akinyamaza, usiseme amekubali. Msubiri.

Mwanao, niliye mbali lakini nina mdomo,
Saidi