Mama, Huyu ni wa Wale?

Jumatano, Tarasaa. Jua la leo limechoma tangu asubuhi, hata kuku wamegoma kutoka chini ya ghala. Ningepata pa kujificha, nami ningejificha.

Mume wangu alikuja leo kutoka Garsen. Mimi Mpokomo wa mashamba, yeye Muorma wa ng'ombe. Tulioana kwa mapenzi yetu na pande zote mbili zikala pilau. Halafu vita vya mashamba na malisho vikazuka, kijiji chetu kikaungua. Yeye akakimbilia kwa watu wake, mimi nikambeba binti yetu Hawa tukaja hapa kwa mama yangu. Wakati huo Hawa alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana mitano.

Vita vimekwisha zamani. Nyumba nyingine mume wangu ameshajenga huko Garsen. Kila akipiga simu kutuita namwambia ngoja kwanza, hali haijatulia.

Uongo mtupu. Naogopa mdomo wa mama. Naogopa macho ya kaka yangu, ambaye shamba lake lilichomwa.

Na humu nyumbani tuna neno letu. Hatusemi Waorma, twasema "wale." Wale wamepita. Wale wameingiza ng'ombe shambani. Nami nasema vivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu, huku namsuka mtoto nywele.

Basi akaingia uani na dumu la maziwa. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia huku akipepeta mchele, uso hakuuinua. Hawa akanishika leso, akamtazama baba yake kuanzia miguuni, akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani:

"Mama, huyu ni wa wale?"

Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Mume wangu hakukasirika. Heri angekasirika! Alichuchumaa mbele yake. "Ndiyo, mamangu. Mimi ni wa wale. Na wewe pia."

Hawa akaangua kilio. "Mimi siyo! Mama, mwambie mimi siyo!"

Nikamfuta machozi kwa leso.

Neno moja tu lilitakiwa, "baba," nikaona haya kulitamka mbele ya mama yangu. Mume akanywa maji nusu gilasi, akaaga, akaenda zake.

Alasiri akanitumia ujumbe: "Nimefika salama. Maziwa yachemsheni." Nimeandika samahani mara tatu, nikafuta mara tatu.

Nikayachemsha. Hawa akanywa, akauliza yametoka wapi. Nikamwambia yameletwa na baba yako. Mama akaguna. Nikarudia kwa nguvu: yule wa asubuhi ndiye baba yako.

Jumamosi tunaenda Garsen. Mama nimeshamwambia. Naandika hapa nisije nikabadili nia.

Ila nyumba yenyewe siijui, hata mlango sijui umeelekea wapi. Nikifika nitapiga hodi kama mgeni, ama mke huingia tu?