Sahihi Yangu Ukutani kwa Mama

Ghorofa ya Tatu, Chumba Namba 9,
S.L.P. 417.
9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wajukuu zako mapacha, bado wanakutoa jasho? Mimi mzima wa mwili.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nakokotoa kwa kompyuta: sumu ikivuja mahali fulani, upepo utaifikisha wapi, nani ataivuta, baada ya dakika ngapi. Baba angekuwa hai angesema nalipwa kuota mikosi.

Mwaka huu nilipewa ule mtambo wa kusafisha maji ulio kilimani, juu ya mtaa wetu. Mlango wa Mama unautazama. Mitungi yake ya klorini, gesi ya kuulia vijidudu vya maji, imeanza kuliwa na kutu. Gesi hiyo ni nzito, haipandi. Inateremka kama maji. Nilipochora ramani, nyumba ya Mama ilikuwa katikati ya doa jekundu. Dakika sita, Shangazi.

Mkuu wangu akatazama, akasema, "Binti, unatutia presha bure. Chukua wastani wa gesi wa saa nzima, siyo wa dakika kumi." Nikachukua. Doa likanywea, likaishia kwenye ukuta wa mtambo. Sikughushi tarakimu hata moja. Ila watu hawapumui kwa wastani. Nikatia sahihi.

Taarifa ikabandikwa mtaani kwamba pako salama. Mama akaibandua, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Kila mgeni anaonyeshwa jina langu. Nilipomwambia ukweli na kumsihi ahamie kwangu, alicheka: "Sasa nimwamini mwanangu yupi, huyu wa karatasi au wewe uliyekonda kwa mawazo?"

Nimeandika barua tatu nikiomba hesabu irudiwe. Naziona mezani kwa mkuu, chini ya kikombe chake.

Wewe ni wifi yake. Mwite akutembelee, hata mwezi mmoja. Najua atakuuliza nani atabaki na kuku.

Kila asubuhi nampigia simu kumuuliza nguo kwenye kamba zinapepea kuelekea wapi. Anadhani ni utani wetu mpya. Leo alijibu, "Zinataka kuingia mlangoni, mwanangu, kama wageni." Upepo ulikuwa unatoka mtamboni. Sikukata simu mpaka alipozianua.

Wabusu mapacha, na umpe babu yao shikamoo yangu. Mungu akutunze, na hewa ya huko iendelee kuwa hewa tu.

Wako akupendaye, kwa jina ulilonipa mwenyewe,
Bi Maswali