Namba Tano Imepumzika Siku Tatu

Kwako Bi Nuru wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Mimi ni mkulima wa Mtawanya hapa Mtwara, jina langu tafadhali usilitaje. Nimekufahamu kupitia mke wangu Mwanaidi, maana gazeti hili likifika Alhamisi yeye hulinunua na kuwasomea majirani ukurasa wako wote, na hucheka sana. Mama, nisaidie, nimekwama. Mikorosho ninayolima si yangu, ni ya ukoo wa mke wangu, kwani nilipooa nilihamia kwao kama desturi yetu, na mwaka huu mjomba wake, Mzee Hassani, alinikabidhi mifuko mitatu ya salfa ya kupulizia ubwiri unga, ule ugonjwa unaounguza maua ya mikorosho, akasema, “Mkwe, Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakuja baada ya swala, nataka nione majani yameshika unga wa salfa, sitaki maneno,” nami nikaitikia vizuri tu, lakini karibu na foleni ya malori yaendayo bandarini kuna kijana anaitwa Fadhili, aliwahi kufagia kasino huko Dar, ameweka meza yenye namba moja mpaka sita, anatikisa dadu tatu ndani ya kopo, wewe unaweka pesa kwenye namba yako, ikitokea mara moja unarudishiwa pesa yako na nyingine kama hiyo, ikitokea mara mbili unaongezwa mara mbili, mara tatu unaongezwa mara tatu. Nilikaa nikapiga hesabu, sikukurupuka. Dadu moja ina nafasi moja kati ya sita, dadu tatu ni tatu kati ya sita, yaani nusu kwa nusu, halafu zile mbilimbili ni faida yangu ya juu. Siku ya kwanza tano ilitoka mara mbili, watu wakapiga kelele, nikamnunulia Mwanaidi kanga, akafurahi mno.

Tangu hapo, mama, mfuko wa kwanza ukaenda, Fadhili anapokea hata salfa, anaitia bei papo hapo, na wa pili ukafuata, na Mwanaidi nimemwambia ipo kwa binamu yangu Salumu. Sasa umebaki mmoja uvunguni. Lakini namba tano haijatoka siku tatu nzima, na sisi tunajua, mkorosho ukipumzika mwaka huu mwakani unazaa mpaka matawi yanainama, kwa hiyo naona tano iko karibu. Mganga mmoja anasema Fadhili ameifunga namba yangu, anataka kuku mweusi aifungue, na kuku nimeshampata. Je, nianze na mganga au niende moja kwa moja mezani? Wajomba wakikuta mikorosho haina salfa, nitaambiwa nirudi kwetu, na Mwanaidi nampenda, mama, sitanii.

BI NURU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. La mkeo, la mjomba wake na la mtaa umeyataja mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Hesabu yako imenifurahisha. Kwa hesabu hiyo, dadu zikiwa sita utashinda kila kopo linapofunuliwa. Azima sita ujaribu, halafu uniandikie namba yako imekaa kando mara ngapi. Dadu zinarudia namba, bwana mkubwa, kwa hiyo nafasi zake hazijumlishwi kama madebe ya mihogo. Kwa dadu tatu, kopo likifunuliwa mara kumi, karibu mara sita namba yako haionekani hata moja. Hiyo ndiyo nusu yako.

Unataka kumjua mchawi? Chukua korosho sita, weka moja kwenye kila namba. Zikitoka namba tatu tofauti, korosho tatu zilizokosa zinawalipa watatu walioshinda, Fadhili hana kitu. Namba moja ikitoka mara mbili, korosho nne zimekosa. Mwenye mbili anaongezwa mbili, mwenye moja anaongezwa moja, jumla tatu. Ya nne iko wapi? Mfukoni kwa Fadhili. Zikitoka tatu sawa, zinakosa tano, analipa tatu, zinabaki mbili. Hakuna namna ya dadu kulala ambayo inamtoa korosho ya kwake. Na kila kopo likifunuliwa mara tisa, karibu mara nne kuna namba iliyojirudia. Yaani pale mnaporuka na kupiga kelele “mbili! mbili!”, mnamshangilia Fadhili anayekula. Dadu zake ni safi. Angetaka kuwaibia angejichosha bure.

Na huo mkorosho uliopumzika! Mkorosho una mizizi, unakula, unaweka akiba, unakumbuka. Dadu ni kipande cha mfupa. Haijui jana ilitoka nini, haijui unaisubiri, wala haijui una wajomba. Tano iliyokosekana siku tatu ina nafasi ileile iliyokuwa nayo siku ya kwanza.

Nakuonea huruma, kwa sababu umesema unampenda mkeo na nimekuamini. Lakini mtu anayempenda mke hachezei miti ya kwao. Basi sikiliza. Kuku mweusi hana kosa lolote, mchinje, Mwanaidi ampike, na mkishakula mwambie yote, mfuko kwa mfuko, bila kumtaja Salumu. Kesho alfajiri, upepo haujaamka, pulizia huo mfuko mmoja kwenye mikorosho yenye maua mengi. Kisha nenda mwenyewe kwa Mzee Hassani kabla hajaja kwako, umweleze yote, na umwahidi kwamba utapakua magunia bandarini mpaka uinunue tena mifuko miwili iliyopotea. Atakutukana. Kaa chini usikilize.

Tano itatoka, usiwe na wasiwasi. Itatoka mara nyingi, uwepo usiwepo. Ua la mkorosho likiungua na ubwiri mwezi huu halirudi mpaka mwakani, na mwakani anayelipulizia anaweza kuwa mume mwingine.

Gazeti hili litafika kwenu Alhamisi, siku moja kabla ya mjomba. Kama umelisoma kabla Mwanaidi hajawaita majirani, hiyo ndiyo bahati pekee uliyobakiwa nayo. Usiende kuiweka mezani.