Inayofanana na Ile ya Madobi

Alhamisi. Jua la leo limeamka na hasira zake. Saa nne tu bati limeshaanza kulia juu ya kichwa changu, na upepo wa huku Kaole sijui umekwenda kwa nani. Nimekaa chumbani, mlango nimeuegesha, simu iko kwenye chaji, na sina hamu ya kitu chochote isipokuwa kimoja ambacho naona haya hata kukitaja.

Natafuta tamthilia.

Ndiyo, jamani. Mwanamke katoka eda leo asubuhi, kaoga, kasali, chai kaiacha ipoe, na kazi anayoifanya ni kuuliza watu asiowajua kwenye kundi la simu kama kuna tamthilia ya mapenzi ya Kichina au ya Kikorea inayofanana na ile ya madobi. Anayetaka kunicheka anicheke.

Kwa wageni wa ukurasa huu nieleze kidogo. Hamisi, mume wangu, aliniacha kwa talaka moja. Talaka rejea, ile ambayo mume akitaka anakurudia kabla eda haijaisha, bila ndoa mpya wala mahari, neno lake tu linatosha. Kaka yangu alitaka kunichukua anirudishe kwetu Lugoba siku ileile. Mama mkwe akakataa katakata. Akasema dini inajulikana, mke wa talaka rejea anakaa eda nyumbani kwa mumewe, na nyumba yenyewe ni yake yeye Mama, kwa hiyo haondoki mtu. Hamisi akahamia chumba cha uani, mimi nikabaki na kitanda chetu, na sote watatu tukaendelea kuchota maji kwenye pipa moja.

Sababu yake? Alisema akirudi kutoka kazini hana wa kuzungumza naye, mkewe na mamake wamekodolea macho Wakorea. Yalikuwepo na mengine, mdomo wangu huu ukiwemo, lakini hilo ndilo alilolitaja mbele ya kaka yangu, na kaka yangu hakujua aangalie wapi. Kuachwa kwa sababu ya Wakorea, aibu gani hii.

Hakusema uongo lakini. Mimi na Mama tulikuwa tumenogewa. Mama hajui Kiingereza, na wale ma-DJ wanaotafsiri kwa Kiswahili hawataki, anasema wanapayuka kama wako mnadani, hawamwachi mtu alie kwa raha zake. Kwa hiyo mimi ndiye DJ wake. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya kioo, mimi nayasoma kwa Kiswahili, polepole, na Mama anaitikia "ehee" kama anayepewa habari za majirani. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, ila kwa hizi tamthilia kimenenepa.

Ile ya madobi niliipata eda ikiwa bado mbichi. Mume na mke wana duka la kufua nguo. Wameachana, lakini mkataba wa pango haujaisha, basi inabidi waishi humohumo na wafue pamoja mpaka uishe. Niliposoma muhtasari wake nilikaa kitako. Nikasema hii Mungu kaniletea mimi, kwa jina langu.

Sasa Hamisi anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja mjini Bagamoyo. Anarudi baada ya Magharibi, anatengewa chakula. Zamani alikuwa anakula barazani. Eda ilipoanza, Mama akagundua ghafla kwamba barazani kuna mbu, chakula kikahamia sebuleni, na sebuleni ndiko iliko televisheni. Sikumuuliza Mama kitu, naye hakunieleza.

Hapo ndipo nilipoanza uhuni wangu.

Mwanzoni ulikuwa mdogo. Dobi anauliza shati hili ni la nani, mimi nikasoma, "Anasema, tangu tutengane sioni hata mashati yangu." Hamisi akatulia, tonge mkononi, kisha akala. Nilipoona vile nikapata nguvu. Kesho yake dobi anaagiza sabuni, mimi nikasoma kwamba mtu akiwa na hasira hutamka neno kubwa kuliko alilokusudia. Siku nyingine anajibizana na mteja kwenye simu, nami nikasoma kwamba nyumba imepoa. Yule Mchina wa watu akawa anasema maneno yangu kila jioni. Hata mkewe nikamtia maneno. Nilimwombesha radhi kwa ajili ya mdomo wake mkali, na katika tamthilia yenyewe ni mwanamke mpole, hajawahi kumjibu mtu vibaya.

Mama aliniambia mapema, mficha uchi hazai, mfuate mwanamume umwambie. Sikuweza. Nilikuwa nakutana naye penye pipa kila alfajiri, mimi na ndoo yangu yeye na yake, jambo la kusemwa kwa pumzi moja, nikawa nasema shikamoo zangu za utani ambazo hazimchekeshi tena. Jioni namtuma mwanamke wa Kichina aniombee.

Najua mtauliza, kwani Hamisi hajui Kiingereza? Anakijua kunishinda, ndicho kinachompa ugali. Lakini alikuwa anaipa televisheni ubavu, macho kwenye sahani, na mtu anayekula anasikia tu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Na matumaini nayo yana adabu mbaya, ukiyapa kigoda yanataka kitanda. Hamisi alianza kukawia sebuleni. Anamaliza kula, anaomba kahawa, anakaa. Siku moja akamuuliza Mama kama wale madobi wamesharudiana. Mama alinifinya paja mpaka pakawa pekundu. Kesho yake alinichomea udi kwa mkono wake mwenyewe, akanifunga kanga mpya, nami nikajiona bibi harusi.

Tatizo tamthilia ilikuwa inaisha. Ndipo nikaanza kuulizia kundini nyingine ya kufuatia, nisije nikabaki bila mdomo wa kusemea. Niliandika wazi kabisa: watu wa kawaida, wameachana, wanaishi nyumba moja, wanarudiana. Nikaletewa ya mfalme aliyempenda mpishi. Nikaletewa ya mume mzimu. Nikaletewa ya daktari aliyepoteza kumbukumbu, anamsahau mkewe kila akilala. Mfalme anisaidie nini mimi? Dada mmoja akaniuliza, hiyo unayoitaka si ndiyo maisha yako mwenyewe?

Jana ilikuwa episodi ya kabla ya mwisho. Kwa hesabu ya hedhi zangu, mwili ulikuwa umeshaniambia kwamba eda inaishia. Katika jambo hili neno la mwanamke ndilo linalosikilizwa, na sitaficha, ilinipita akilini kusema bado. Nikasema hapana, ngoja kwanza nione jioni.

Hamisi akaja, akanawa, akala. Kwenye kioo mkataba wa duka umekwisha, dobi amesimama mlangoni na begi lake, anamwambia mkewe maneno marefu. Nikaona hakuna tena kesho ya kungojea, nikayamwaga yote. Nikasoma, "Anasema, nilikuacha kwa hasira. Kila siku nangoja uniambie neno moja tu, nibaki."

Hamisi alinawa mikono kwenye bakuli. Akaifuta. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu chakula kihamie sebuleni, akageuza kiti akaitazama televisheni uso kwa uso.

"Hakusema hivyo," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Amesema amechoka, na anamtakia heri."

Mama akachukua rimoti.

"Na siku zile zote hakuwa anasema hivyo, Zuhura. Nilikuwa nasoma."

Akabeba sahani yake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimeolewa humu, akaipeleka uani. Tukasikia anaisuuza. Tukasikia mlango wa chumba chake unafungwa, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Kumbe alikuwa anasoma. Hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa hajui Kiingereza ningesema ujumbe haukufika, ningejipa moyo. Umefika. Ulikuwa unafika kila jioni, anaupokea na kahawa yake, anauelewa wote, kisha anainuka anakwenda zake kulala. Na lile swali lake kwa Mama, kama madobi wamerudiana, nimeligeuza asubuhi yote. Nadhani alikuwa anauliza tamthilia tu.

Nilidhani Mama atanigombeza. Nimemlisha uongo muda wote huo, mtu mzima, ananiamini. Alikuwa ameshika rimoti, haniangalii.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Mimi nasikiliza ya kwako."

Nikaendelea. Sijui nilisoma nini.

Leo asubuhi nimeoga josho langu, nikamwambia Mama kwamba imekwisha. Alikuwa anakunja kanga. Akaikunjua, akaikunja tena, akasema basi mpigie kaka yako. Kaka anakuja Jumamosi na gari la kukodi, kwa ajili ya kabati langu na vyombo. Hamisi nilikutana naye penye pipa kama kawaida. Akanisalimia vizuri, akauliza kama siku ya kuondoka nitahitaji mtu wa kusaidia kupakia. Nikamwambia nitashukuru. Akanijazia na ndoo. Afadhali angenitukana, ningepata la kushika. Mtu mwema amekuchoka, utamsema kwa nani?

Sina hasira naye. Nimeitafuta, sina. Nina uchovu tu, na kichwa kinauma, na nikifikiria Lugoba, wifi zangu wakinitazama mkoba kujua kama nimekuja kukaa, naona heri jua hili lisitue.

Sasa hivi tu Mama kanifuata mlangoni. Kavaa miwani yake, ile mkono mmoja umefungwa uzi. Kauliza kama jioni tutamalizia ile moja iliyobaki, nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nimempatia nyingine inayofanana nayo, maana siku ni ndefu na yeye hajui afanye nini akibaki. Nikamwambia naitafuta, Mama, nitapata. Ndiyo maana niko hapa simuni toka asubuhi kama mwehu.

Na nimeipata. Wallahi nimeipata. Mume na mke wanaoka mikate, wameachana, tanuri ni moja, hakuna anayekubali kumwachia mwenzake. Watu wa kawaida kabisa. Ni ndefu, itamfikisha mbali. Nimesoma maoni, wanasema mwisho wanarudiana. Nimeanza kuishusha, nitamwekea kwenye flashi niiache juu ya televisheni, pale pale anapoweza kuifikia.

Halafu nikakumbuka maandishi.

Nani atamsomea? Nimekaa na swali hilo mpaka adhana ya Adhuhuri imepita na sijainuka. Majirani hawajui Kiingereza. Ma-DJ yeye hawataki. Hamisi anaweza, na najua akiombwa na mamake hatakataa, atavuta kiti, atamsomea kila jioni. Lakini yeye atamsomea yaliyoandikwa.