Bi Mahira, Uliyetoka Kuiona Bendera

Umetimia mwaka leo, mama yetu Bi Mahira binti Mansur, tangu ututoke. Ulifariki tarehe 12 Desemba, siku inayoadhimishwa na nchi nzima, nawe ulikuwa na sababu yako mwenyewe ya kuikumbuka.

Mwaka 1963 ulikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Babu yetu, Mzee Mansur, alikuwa miongoni mwa wazee wa Malindi waliotaka pwani ibaki chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba, alifunga mlango, akakataza mtu kutoka. Wewe ulipitia uani na rafiki yako Kabibi, mkaenda kuiona bendera mpya ya Kenya ikipandishwa.

Uliporudi alikuuliza, "Umekwenda kushangilia?"

Ukajibu, "Nimekwenda kuona, baba."

Hakusema nawe tena.

Kila asubuhi ulimpelekea kahawa, ukamwamkia, "Shikamoo, baba." Mwezi mmoja baadaye Sultani akapinduliwa huko Unguja, na bado babu hakukufungulia kinywa. Hukuacha kumwamkia hata siku moja.

Tarehe 12 Desemba 1964 redio ilitangaza kwamba Kenya imekuwa jamhuri. Ulipoweka kahawa, babu akaitika, "Marahaba." Kisha akauliza, "Hiyo jamhuri ndiyo nini, mwanangu?" Ulikaa chini ukamweleza. Mwaka uliofuata akakupa ruhusa ya kwenda kusomea ualimu.

Ulifundisha katika mtaa wa Barani miaka thelathini na mitatu. Hukumpigia mtoto kelele. Ulichelewa kurudi kutoka sokoni kwa sababu nusu ya wauza samaki walikuwa wanafunzi wako, na kila mmoja ulimwuliza hali ya mamake. Mkate wako wa sinia haukuwahi kuiva sawasawa, nasi tuliula wote.

Asubuhi ile ya mwaka jana, mjukuu wako Hadiya aliketi kando ya kitanda chako akakuuliza, "Bibi, hukujuta kutoka siku ile?"

"Niliumia," ukasema. "Kujuta, sikujuta."

Ukamwomba akugeuze uelekee kibla. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwenda.

Unakumbukwa na wanao Uweis, Widad na Stambuli. Wajukuu wako Hadiya na Adnan. Ndugu zako wa Mambrui. Rafiki yako Kabibi. Na wote uliowafundisha kusoma. Hitima itasomwa leo nyumbani Barani, baada ya sala ya alasiri.

Mwenyezi Mungu akurehemu, mama. Maadamu tu hai, hututoki moyoni.