Shemeji Alichagua Leso ya Binamu

Mpendwa Bi Saleha, naomba msaada, na tafadhali usinijibu kwa methali kwa sababu mimi huzichukua zilivyo, mwaka jana niliambiwa haraka haraka haina baraka nikachelewa mtihani. Nina miaka kumi na sita, naishi Waithaka, daktari anasema nina otizimu, nyanya anasema nina kichwa ngumu. Watu siwaangalii usoni, naangalia viatu, na viatu havijawahi kunidanganya.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na ruracio, posa ya dada yangu Wahu, na wasichana sita walifunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni ili mposaji, Ndegwa, amtambue wake, naye akaenda moja kwa moja akamshika mkono binamu yetu Virginia, ambaye anampita Wahu kwa kichwa kizima, wazee wakacheka wakamtoza faini ya mbuzi, lakini Wahu akalia, "Kumbe ni Virginia ulikuwa unataka!" na tangu hapo hali chakula, simu za Ndegwa hapokei, na Jumamosi hii wazee wanarudisha mbuzi wote wa posa.

Mimi nikafanya upelelezi. Daftarini niliandika kwamba Ndegwa alisalimia koti la baba lililoanikwa kwenye kamba na kuliuliza habari za ng'ombe, na kwamba alikunywa chai yenye nzi akasema, "Hii tangawizi ni poa." Nikamngoja nyuma ya zizi nikamuuliza, "Wewe huoni, sindio?" Akaniambia, "Shiko, usiniuze, maze. Daktari alisema nivae miwani, lakini bosi akiniona nayo atanifuta, na bila job mzee wenu hawezi nipea Wahu." Anaendesha gari la shule huko Kitisuru. Nikamwahidi nitanyamaza, na mimi sijawahi kuvunja ahadi, lakini Wahu ananiuliza kila siku kama najua kitu na kudanganya siwezi, kwa hivyo najifungia chooni. Nampenda dada yangu sana. Nichague nani?

Mpelelezi wa Waithaka

Binti yangu, majina nimeyabadilisha yote, la sivyo majirani wangefika kwenu kabla ya muuza maziwa. Methali nazimeza, ingawa zinanikwama kooni. Umeona walichokosa kuona wazee wote wale wenye macho mazima: huyo bwana hakumtamani Virginia, hakumwona tu.

Lakini wewe mpelelezi, hebu soma tena ulipoandika kazi yake. Mtu anayesalimia koti anaendesha gari lililojaa watoto wa wenyewe, na wewe unaniuliza habari za posa! Wewe sikulaumu sana, ulikuwa ukimhurumia dada yako. Ndegwa ndiye wa kulaumiwa, jitu zima kumtwika mtoto siri ya namna hiyo kwa kuogopa miwani.

Ahadi hiyo ivunje, na usijute. Mwambie baba yako kila kitu, ampigie Ndegwa nawe ukiwa hapo hapo: avae miwani au arudishe funguo za gari, na akikataa, baba aende mwenyewe shuleni. Kisha msomee Wahu daftari lote, hata pale pa nzi. Akimtaka bado, shauri yake, mbuzi watasubiri.

Kesho alfajiri gari hilo litachukua watoto tena. Weka gazeti chini, kamwite baba.