Mikono ya Mbuyi na Yangu

Mjukuu wangu Ngalula,

Habari zenu huko Lubumbashi? Sisi hapa Mwene-Ditu tuko wazima, na kaka yako amepata binti.

Unauliza kama ugonjwa wa viungo wa pacha wangu Mbuyi utakufikia, kwa kuwa nyinyi ni damu moja.

Tulipofukuzwa Kolwezi kwa kuwa asili yetu ni huku, tulikuwa wasichana, tukangoja treni stesheni wiki nyingi. Vidole vya Mbuyi vilikuwa vimevimba, asubuhi havikunjiki. Kwetu mapacha, yaani mapasa, hutendewa sawa, kwa hiyo mama alimpaka Mbuyi dawa, kisha akanipaka na mimi niliye mzima.

“Mama, uyu haiko mugonjwa,” akasema muuguzi mmoja, aliyefukuzwa kama sisi.

“Ni mapasa. Itamufikia tu.”

“Inaweza kumufikia, inaweza kumupita. Damu peke yake haitoshi.”

Mbuyi akacheka: “Sikia, Kabanga! Umemaliza dawa yangu bure!”

Mama aliacha kunipaka, lakini mimi niliendelea kuogopa. Kila nilipoamka nilivijaribu vidole, na miaka yote vikakunjika. Baadaye nilisoma kwamba muuguzi alisema kweli: ukoo huongeza uwezekano, hauamui.

Vidole vyako vikikakamaa asubuhi, muone daktari mapema. Mbuyi mwenyewe dawa zimemtuliza, na anakusalimu.

Lala vizuri, mjukuu wangu.

Bibi yako, kambo wako,
Kabanga